Sebarenzi Anajifunza Kulala

Watu wa Kibabi walimfahamu Sebarenzi kwa vitu viwili: ng'ombe wake tisa na usingizi wake. Ng'ombe alikuwa amewaswaga kutoka Rwanda mwaka wa 1942, pamoja na jamaa nyingine zilizopewa malisho katika vilima vya Masisi. Usingizi alizaliwa nao. Usiku mmoja wa mvua upepo uliezua nusu ya paa la nyumba yake, na majirani waliokuja mbio kusaidia wakamkuta angali amelala, maji yakimtiririka shingoni. Tena hakuwa mtu wa kulala akatulia. Aligeuka, alirusha mikono, alipiga mateke kama ndama aliyefungwa kamba. Kamaliza, mkewe, aliamka mara tatu akajikuta chini sakafuni, na alizoea kuwaambia wanawake wenzake mtoni kwamba ameolewa na wanaume wawili: wa mchana ni mpole, wa usiku ni mkorofi.

Kamaliza alijifungua mtoto wa kike mwezi wa tatu wa mwaka 1949. Siku ya nne homa ikampanda. Siku ya sita wakamzika juu ya kilima, nyuma ya zizi. Mtoto aliitwa Nyiramana, kwa kuwa jina hilo mama yake alikuwa amekwisha kulitaja.

Baada ya mazishi ukoo ulikaa uani kuamua mtoto aende wapi. Mama yake Kamaliza, Mukabaranga, mjane aliyekaa upande wa Mweso, alisema atamchukua. Katekista alisema masista wa misheni wanapokea yatima. Kayitare, kaka yake Sebarenzi, alisema mke wake anaweza kumlea pamoja na wake. Sebarenzi alikuwa ameinama muda wote huo, anachora chini kwa fimbo.

"Mutoto atabakia kwangu," alisema. "Atalala kwangu."

Watu walitazamana. Mukabaranga ndiye aliyesema waliyokuwa wakiyawaza wote.

"Kwako wapi, mukwe wangu? Chini ya mwili wako?"

Sebarenzi hakubadili neno, na mtu asiyebadili neno mbele ya kaburi la siku ile ni vigumu kumshinda. Mwishoni wakakubaliana hivi: akae na mtoto mpaka mtoto aweze kukaa mwenyewe bila kushikwa, kisha ukoo ukutane tena. Mtoto akionekana amekonda, au likimpata jambo, bibi yake atamchukua, na hapatakuwa na maneno tena.

Maziwa ya mchana hayakuwa na shida. Chini ya malisho yake kulikuwa na mashamba ya maharagwe ya Emérence, mwanamke wa Kihunde, kabila la wenyeji wa vilima vile, ambaye naye alikuwa na mtoto wa miezi minne, Floribert. Alikuwa amemnyonyesha Nyiramana tangu homa ya Kamaliza ilipoanza, na hakuona sababu ya kuacha. Sebarenzi alimpelekea mtoto asubuhi pamoja na kibuyu cha maziwa kwa ajili ya nyumba yake, akamfuata jioni ng'ombe wanaporudi. Siku moja alimwomba amlaze mtoto kwake na usiku.

"Hapana, Papa Nyiramana," Emérence alisema. "Kitanda changu kimejaa. Floribert iko pale, na dada yake. Tena bwana yangu anarudiaka na pombe ya kasiksi kichwani. Muntu wa pombe hajuwe kama kuko mutoto kitandani. Mimi mwenyewe, siku akikunywa, ninamufukuza, analala kwenye mukeka. Sitaweka mutoto wa marehemu pale."

Basi usiku ukawa wa Sebarenzi.

Siku tatu za kwanza aliamua kutolala kabisa. Aliketi ameegemea ukuta, mtoto kifuani, blanketi juu ya wote wawili. Siku ya nne, saa ya kukamua, alisinzia kichwa kikiwa ubavuni mwa Gaju, ng'ombe wake mwekundu, naye Gaju akampiga teke la paja. Usiku uleule alishtuka, kifua chake kitupu. Mtoto alikuwa ameteleza akakwama kwenye kiwiko cha mkono wake, uso umeingia ndani ya blanketi. Alikuwa mzima, anapumua. Sebarenzi hakufumba macho tena mpaka jogoo walipowika, na asubuhi akamweleza Emérence bila kuficha neno.

Emérence alimkemea kama mtu anavyomkemea mdogo wake, ingawa Sebarenzi alimzidi miaka kumi.

"Kukaa na mutoto kifuani na kusinzia, ile njo mubaya kupita yote! Heri ulale, ujuwe unalala. Twende nione hicho kitanda."

Kilikuwa kitanda kama vya watu wote: miti minne iliyochimbiwa ardhini nyuma ya kizuizi cha matete, mianzi iliyofungwa juu yake, na majani makavu mengi yaliyofunikwa mkeka. Emérence alibonyeza kwa kiganja. Mkono ukazama mpaka kwenye kifundo.

"Unaona? Mutoto akigeuka hapa, uso unaingia ndani. Hana nguvu ya kuutoa. Ondoa majani, bakisha kidogo, kisha uyakanyage mpaka yakuwe magumu kama udongo."

Alipitisha mkono kati ya kitanda na ukuta. Nafasi ilitosha kupitisha paka. Hilo nalo hakulipenda. Akaiangalia ngozi ya ng'ombe na blanketi zito alilolinunua Sebarenzi kwenye duka la mashamba ya kahawa.

"Hii ni yako. Ya mutoto ni hiki kitambaa, na mwisho wake ni hapa." Akamgusa Nyiramana chini ya makwapa. "Kichwa hakifunikwe, hata kama kuko baridi. Baridi ikizidi, umuvalishe. Na umulaze mugongo chini, aangalie paa. Mimi batoto wangu wote walikuwa wanaangalia paa."

Kulikuwa bado na jambo moja, na hakuna aliyetaka kulitaja. Kitanda kinaweza kurekebishwa kwa mikono. Mwenye kulala ndani yake anarekebishwa na nini? Sebarenzi mwenyewe ndiye aliyelianza, akiwa amesimama mlangoni, macho zizini.

"Ndama akizaliwa, hatumwachi alale na ng'ombe wote. Wanaweza kumukanyaga. Lakini hatumupeleke mbali, juu mama yake atakosa kutulia. Tunamuweka karibu, na muti unakuwa katikati. Anamusikia, anamunusa, lakini hamulalie."

Emérence alimtazama. "Basi fanya vile," alisema, akambeba Floribert vizuri mgongoni, akarudi kwenye maharagwe yake.

Sebarenzi alikata mianzi bondeni, akaziba nafasi ya ukutani, akachimbia miti mingine minne, na ubavuni mwa kitanda chake akajenga kitanda cha pili, kidogo, kimo kilekile. Katikati akaweka mwanzi mmoja mnene ulioinuka kiasi cha kiganja. Kazi ilimchukua siku mbili. Emérence alipokuja kuikagua alipitisha kidole kati ya vitanda viwili, na kidole kikapita. Sebarenzi akafunga upya kwa kamba za mgomba. Kidole hakikupita. Emérence akamwambia apande alale, ajaribu tena. Na kweli, uzito wa mwanamume ulipokaa juu ya kitanda kikubwa, mianya ilifunguka kiasi cha vidole vitatu. Ilibidi afungue kila kitu na kuvifunga vitanda vyote viwili kwenye miti ileile, viwe kama kitu kimoja. Mara ya tatu havikuachana.

Hata hivyo hakumlaza mtoto humo mara moja. Nyiramana alikwenda kulala siku nne kwa Kayitare, na mahali pake Sebarenzi akasimamisha kibuyu kilichojaa maziwa, bila kifuniko. Asubuhi ya kwanza mkeka ulikuwa umelowa. Mkono wake ulikuwa umevuka. Akainua mwanzi wa katikati kiasi cha kiganja kingine. Asubuhi ya pili kibuyu kilikuwa kimesimama, na ya tatu, na ya nne. Mke wa Kayitare alilieleza jambo hilo mtoni, na kwa wiki nzima watu walimwuliza Sebarenzi njiani kama kibuyu kimelala salama. Alijibu kwamba kimelala salama, akaendelea na safari yake.

Siku ya tano akamchukua mtoto.

Jioni zao zikawa na mpangilio, na Sebarenzi, ambaye kazi yake yote ilikuwa ya mpangilio, aliushika bila shida. Ng'ombe waliingia kabla ukungu haujafunika bonde. Alikamua, akachemsha maziwa ya ng'ombe mmoja tu, yuleyule kila siku, akayaongeza maji yaliyochemka kama mganga Athanase wa dispensari alivyomwonyesha, akayaacha yapoe. Alimwosha mtoto katika karai, akamkausha, akampaka siagi kidogo miguuni na kifuani. Moto aliuhamishia chumba cha mbele na kuupunguza, kwa sababu Athanase alikuwa amesikiliza kifua cha mtoto akasema moshi umekaa humo. Kisha alimnywesha kwa kijiko kidogo cha mti, polepole, na alipomaliza alimweka begani mpaka hewa imtoke.

Kilichobaki kilikuwa kumbembeleza, na hapo alikwama. Nyimbo za kulaza watoto ni za wanawake, na hakuna aliyewahi kumfundisha hata moja. Alichojua kwa moyo ni majina ya ng'ombe na sifa zao. Kwa hiyo alimweka Nyiramana kwenye kitanda chake kidogo, mgongo chini, akalala upande wake wa mwanzi akiwa ameweka mkono mmoja juu ya tumbo la mtoto, akaanza kuwataja. Bihogo, mwenye pembe za kuzuia mvua. Gaju, binti wa Bihogo, asiyesahau njia. Bugondo wa madoadoa, mama wa madume. Aliwataja kwa kufuata walivyozaliwa, kwa sauti ya chini, na alipofika mwisho alirudi mwanzo. Mara nyingi mtoto alisinzia kabla ya ng'ombe wa sita. Sebarenzi aliondoa mkono, akageukia upande wa pili, naye akalala.

Jambo ambalo hakulitarajia ni kwamba alianza kuamka. Mtoto akikohoa, aliamka. Akihema kwa namna nyingine, aliamka. Mvua kubwa ya mwezi wa nne ilinyesha na radi zake na hakuisikia, lakini Nyiramana alipopiga chafya mara moja alikuwa ameketi. Alimweleza Emérence jambo hili kama mtu anayeeleza ugonjwa.

"Ni vile tu," Emérence alisema. "Sasa uko muzazi."

Mwezi wa nane Kayitare alimbatizisha mtoto wake, na pombe ilikuwa nyingi. Sebarenzi alikunywa kama mtu yeyote ambaye amekaa miezi mitano bila kucheka. Jua lilikuwa bado juu ya mlima alipofika kwa Emérence kumchukua binti yake, na alitembea vizuri, au ndivyo alivyodhani. Emérence alisimama mlangoni, akavuta hewa kwa pua.

"Leo hapana."

"Mama Floribert, siko mulevi."

"Sikusema uko mulevi. Nimesema leo hapana. Bwana yangu leo atalala nje kwenye mukeka, na huyu mutoto atalala karibu yangu peke yake, batoto wangu nitawapeleka kwa nyanya yao. Wewe enda ulale."

Alibisha kidogo. Alisema mtoto ni wake, alisema mwanzi upo katikati. Emérence hakubishana, aliingia ndani akafunga mlango wa matete. Sebarenzi akapanda kilima, na kwa kuwa hakutaka kukiona kitanda kidogo kitupu, akalala zizini, amejikunja kati ya Bugondo na ukuta. Kayitare alimkuta huko asubuhi, na habari hiyo nayo ikafika mtoni. Tangu siku ile Sebarenzi alikunywa asubuhi tu, na si zaidi ya kata moja. Wakimkaribisha jioni, alikaa nao, alicheka nao, lakini kata ilimpita.

Mwezi wa tisa Mukabaranga alikuja. Hakusema amekuja kukagua. Alisema amekuja kumwona mjukuu. Alileta mtama, akakagua. Kwa desturi yao mkwe hawezi kulala karibu na mama mkwe, hivyo Sebarenzi alimwachia chumba cha ndani, yeye akatandika mkeka chumba cha mbele. Jioni ya kwanza mama huyu alimwona mwanamume anaosha mtoto, anampaka siagi, anamtajia ng'ombe. Aligeuza uso.

"Na hii zizi ni ya nini?" aliuliza, akionyesha kitanda kidogo.

"Njo mahali analala, Mama."

"Mutoto analala kwa mwili wa muntu. Si kwa miti."

"Analala karibu. Nakuomba, Mama, umuache pale."

Usiku alimwacha pale, kwa sababu Sebarenzi alikuwa anakohoa upande wa pili wa matete kila alipohisi mjongeo. Lakini mchana ulikuwa wa bibi. Siku ya tatu Emérence alikwenda soko la Masisi, na mtoto akabaki na bibi yake. Mukabaranga alikuwa amechukizwa na ugumu wa kitanda kikubwa. Mgongo ulimuuma. Asubuhi ile alikuwa amekata majani mapya laini, akayajaza chini ya mkeka mpaka kitanda kikainuka kama kichuguu. Baada ya chakula alimchukua Nyiramana, akamlaza ubavuni mwake juu ya majani yale, akamfunika kwa nguo yake mwenyewe, wakalala wote wawili.

Sebarenzi alikuwa malishoni, karibu. Alirudi kuchukua kamba. Uani palikuwa kimya, na kwa kuwa saa ile ndiyo saa ambayo Nyiramana hupenda kupiga kelele zake, alisimama. Aliita kutoka nje. Aliita tena akiwa mbele ya kizuizi cha matete. Mkwe haingii mahali mama mkwe amelala. Tangu utotoni alikuwa amefundishwa hivyo, na miguu yake ilijua. Alihesabu pumzi zake mbili, tatu. Kisha akaingia.

Mukabaranga alikuwa amelala usingizi mzito, mdomo wazi. Majani yalikuwa yamebonyea chini ya uzito wake, na mtoto alikuwa ameviringika kwenye bonde lile, uso umezama kati ya mkeka na mbavu za bibi, nguo imefunika kichwa. Hakuwa analia. Sebarenzi alimnyanyua. Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya majivu na shingo haikuwa na nguvu. Alimgeuza juu ya mkono wake, akampiga mgongoni kama anavyompiga ndama aliyezaliwa na maji puani, mara moja, mara mbili. Mara ya tatu mtoto alivuta hewa kwa sauti ya nguo inayochanika, akakohoa, akalia.

Kilio ndicho kilichomwamsha Mukabaranga. Alimwona mkwe wake amesimama juu yake, jambo la aibu, na midomo yake ilikuwa tayari kusema. Kisha akauona uso wa mtoto.

"Alikuwa analia?" aliuliza.

"Hapana, Mama. Alikuwa kimya."

Sebarenzi alitoka nje na mtoto, akaketi kwenye kizingiti. Alimpakata mtoto magotini. Baada ya muda Mukabaranga naye alitoka, akaketi mbali kidogo, akiwa amejifunika vizuri. Hakumwomba mtoto. Walikaa hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikafika miguuni mwao.

"Mbele ya kuzaa Kamaliza nilikuwa na mutoto mwingine," Mukabaranga alisema. "Mwanaume. Alikuwa na miezi mitatu. Ile siku nilikuwa nimelima tangu asubuhi mpaka jioni, nikalala naye. Asubuhi alikuwa baridi."

Sebarenzi alimhamishia mtoto begani.

"Wakauliza nani amemuroga. Wakasema ni muke wa Nzabonimpa, juu jana yake alikuja, akamutazama sana, akasema iko muzuri. Wakaniuliza mimi. Nikasema ndiyo, ni yeye. Nilisema ndiyo mbio sana. Walimufukuza pale kilimani pamoja na bwana yake. Imepita miaka makumi tatu na zaidi, na wale bantu wakinikuta njiani wanapita upande mwingine."

"Na wewe unawaza ni yeye?"

"Nilikuwa najua. Mpaka leo nilikuwa najua. Sasa sijui kitu."

Sebarenzi aliingia ndani, akamletea maziwa kwenye chombo cha mti. Bibi alipokwisha kunywa, Sebarenzi alinyanyuka, akamweka Nyiramana mapajani pa bibi, akaenda kumalizia ng'ombe. Hakugeuka nyuma. Mukabaranga alikaa na mtoto pale kizingitini, amemshika kwa mikono yote miwili, mpaka Emérence aliporudi kutoka sokoni akawakuta. Jioni ile majani laini yaliondolewa, na aliyeyaondoa ni Mukabaranga mwenyewe.

Aliondoka baada ya siku mbili. Ukoo ulipokutana mwezi wa kumi, mtoto tayari anakaa mwenyewe na kuanguka na kukaa tena, wengi walingoja maneno ya bibi. Maneno yalikuwa machache. Alisema mtoto amenona, abaki kwa baba yake. Kayitare, aliyekuwa amejiandaa kumtetea mdogo wake kwa hotuba ndefu, alilazimika kuimeza.

Jamaa ya Nzabonimpa walikuwa wamevuka nao kuja Masisi katika wimbi lilelile la wahamiaji, na walikaa mlima wa pili kutoka Mweso. Katika kiangazi cha 1950 Mukabaranga alimtumia Sebarenzi ujumbe kwamba anataka kusindikizwa huko. Hakueleza sababu, na Sebarenzi hakuuliza. Alibeba chombo cha maziwa kichwani, mama mkwe akatembea mbele na fimbo yake. Nzabonimpa, mzee sasa, aliwatazama wakipanda mpaka wakafika mlangoni, akamwita mkewe. Wanawake wawili waliingia ndani. Wanaume walibaki nje wakaongea habari za nyasi na kupe, ambazo hazikumhusu yeyote kati yao saa ile, na kila sauti ilipopanda ndani walinyamaza, kisha wakaanza tena.

Ilichukua muda mrefu. Walipotoka, mke wa Nzabonimpa alikuwa amekishika chombo. Alionja maziwa, akampa mumewe, mumewe akamrudishia Mukabaranga. Hakuna aliyeeleza waliyosemezana. Njiani kurudi Mukabaranga alisema magoti yanamuuma, na hilo tu ndilo alilosema. Lakini miezi miwili baadaye mke wa Nzabonimpa alionekana kwa Mukabaranga kule Mweso, amekaa uani, anachambua maharagwe.

Nyiramana alilala kwenye kitanda kile kidogo mpaka miguu yake ikagusa mwanzi wa mwisho. Neno lake la kwanza lililoeleweka lilikuwa Gaju. Katika miaka ile wanawake kadhaa wa Kibabi waliwatuma waume zao kwa Sebarenzi, wa Kihunde na wa Kinyarwanda, waone namna alivyofunga vitanda viwili kwenye miti ileile. Wengine walikuja wakacheka wakaondoka. Wengine walirudi na panga na kamba. Hao aliwajengea, na kabla ya kuondoka alipitisha kidole katikati ya vitanda, akambonyeza mwenye nyumba bega ili alale juu, akapitisha tena.

Mwaka wa 1953 mtoto alisema mwenyewe kwamba anataka kulala kwenye mkeka kama Floribert. Sebarenzi alimtandikia chumba cha mbele. Wiki mbili za kwanza aliamka mara nne, mara tano, akachungulia, akarudi. Baadaye aliamka mara moja. Akakibomoa kitanda kidogo, na mianzi yake, ambayo ilikuwa bado mizima, akatengenezea ua wa ndama.

Mwaka uliofuata alimwoa Sidonie, mjane wa kutoka Masisi, mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa, na mwaka wa 1956 Sidonie alimzalia mtoto wa kiume. Siku ya kwanza baada ya kujifungua alikagua chumba, akamwambia mumewe ajenge kitanda kingine kidogo, lakini upande wake yeye, si upande wa baba.

"Juu ya nini upande wako?" Sebarenzi aliuliza.

"Juu mimi njo ninanyonyesha. Wewe ulishamaliza zamu yako."

Alikijenga kwa siku moja. Sidonie alipitisha kidole, akaridhika. Jioni ile Sebarenzi alilala ukingoni, uso kwenye ukuta wa matete, na mtoto alipolia alinyanyuka, akakuta Sidonie amekwisha kumshika. Akalala tena. Wiki iliyofuata aliondoka na Kayitare kutafuta malisho upande wa Walikale, kwa sababu mvua zilikuwa zimechelewa, na alikaa huko siku kumi na mbili, usiku akilala bila kushtuka.